Sikio la Kasubi

Mwenye hamu ya asali hatumwi kugonga mzinga.

Mmeisikia leo mnadani, pale Shiganga alipokatazwa na ndugu zake kwenda kumkagua yule dume ambaye amekuwa akimwota wiki nzima, akatumwa binamu yake asiyejali ng'ombe wala maziwa. Mkacheka, kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kitabuni. Yalianza hivi.

Zamani, kabla barabara ya malori haijaukata msitu, palikuwa na kijiji kikiitwa Igombanilo, kusini mwa Unyamwezi, ambako miti ni mingi kuliko watu. Wenyeji wake walikuwa warina asali. Kila mwenye mji alikuwa na mizinga yake ya magogo, ameitundika juu ya miti mbali na nyumba. Asali yenyewe waliila kidogo. Sehemu kubwa ilibebwa na msafara kwenda Uvinza kubadilishwa na chumvi, maana nchi ile haina chumvi, na mlenda usio na chumvi mnaujua ulivyo.

Msafara ulikuwa mmoja kwa mwaka. Uliondoka mwezi wa pili wa kiangazi ulipoandama, na haukumngoja mtu. Njiani kulikuwa na simba, na simba huwaogopa watu ishirini, mmoja humla.

Sasa, Igombanilo hakuna aliyefungua mzinga wake kwa kujiamulia. Kulikuwa na mgongaji. Huyu alizunguka msituni na fimbo ya mpingo, akapanda, akagonga mzinga, akaweka sikio. Mzinga mtupu hulia ko. Mzinga wa asali iliyoiva hulia ndu, kama mtu aliyeshiba ukimpiga mgongoni. Katikati yake kuna mzinga wenye majana, wale watoto wa nyuki wasioota mbawa, na asali bado maji, nao mlio wake si ko wala si ndu, na hapo ndipo palipotakiwa sikio. Mgongaji akisema "bado," watu walikaa. Akisema "tayari," basi siku aliyoitaja, jua likianza kushuka, kila mtu alipanda miti yake, wote kwa wakati mmoja, asibaki mtu chini wa kuibia mzinga wa mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, na ilizuia ugomvi mwingi.

Mgongaji wa miaka hiyo aliitwa Kasubi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sikio moja lililochanika kwa mwiba, na hilo hilo lililochanika ndilo alilotegea mizinga. Watu walisema Kasubi anaweza kusikia nyuki akipiga chafya. Mkewe, Kalunde, alikuwa amefariki. Alimwachia mtoto mmoja tu, binti, Nyamizi, na Nyamizi alikuwa ameolewa Ukonongo, siku saba kwa miguu, kwenye njia ile ile ya kwenda Uvinza.

Mwaka wa tisa ulikuwa unakwisha tangu aondoke.

Mtauliza kwa nini Kasubi asiende kumwona. Hakuwa mvivu. Mwaka ambao asali iliiva mapema, msafara ulikuwa umejaa mizigo ya wengine, na mgongaji huwa wa mwisho kutoa mzigo. Mwaka ambao nafasi ilikuwepo, Kalunde alikuwa anaumwa. Mwaka mwingine mguu. Na baba hakanyagi ua wa wakwe mikono mitupu. Kwao ilikuwa lazima afike na lindo la asali, lile kasha la gome la mti, asali ya mizinga yake mwenyewe, ampake mjukuu midomoni na kumpa jina la upande wa mama. Kabla ya hapo mtoto ana jina moja tu, la kwa baba, na huenda nalo kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Mwaka huo wachukuzi wa chumvi waliporudi walimletea salamu.

"Nyamizi anasema amejifungua. Wa kike. Sasa anakufikia hapa," mmoja akasema, akashika goti lake. "Anasema, mwambie baba mtoto bado hajalamba asali ya babu yake. Anasema njoo."

"Anafanana na nani?" Kasubi akauliza.

"Mzee, mimi nilikuwa nimebeba chumvi."

Tangu siku hiyo Kasubi alibadilika kidogo, si kiasi cha mtu kukiona upesi. Alisuka kamba mpya ya lindo. Akaitazama, akaifumua, akaisuka tena. Jioni alikaa mlangoni ameelekea magharibi, na mtu akimsalimia alichelewa kuitika. Mikeka aliyosuka Nyamizi kabla hajaolewa ilikuwa imekwisha kuliwa na mchwa pembeni, lakini hakuitupa. Alikuwa akipitisha kidole kwenye ukili wake, pale binti alipokosea akaacha tundu.

Mvua zilipokwisha alianza kugonga. Msafara ulibakiza siku kumi na mbili.

Alikwenda na shemeji yake Mhoja, kaka wa marehemu Kalunde, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kamba chini ya mti. Mhoja alikuwa mtu mnene wa maneno makavu, na kijiji kizima kilimcheka kwa jambo moja: alikuwa hali asali. Utotoni alitafuna sega lenye nyuki ndani, nyuki akamchoma kooni, akavimba wakadhani anakufa. Toka hapo hata harufu yake ilimtia kichefuchefu. Mrina asali asiyekula asali.

Mzinga wa kwanza ulikuwa karibu na kivuko cha mto, mahali penye maua mengi. Kasubi akapanda, akagonga. Ndu. Akaingiza kijiti tunduni, akakitoa kimelowa. Akakilamba. Asali nzito, imeiva kabisa.

"Tayari!" akapiga kelele huku amekumbatia tawi. "Mhoja, mwaka huu umewahi! Mungu ameusikia mwaka huu!"

"Huo mmoja," akasema Mhoja. "Huo kila mwaka huwahi. Una mto."

 Kasubi alikuwa ameshashuka, anatembea upesi kwenda mti wa pili, na mdomoni bado ana ladha ya tone lile.

Mti wa pili akagonga. Akagonga tena. "Ndu," akasema.

"Mimi nimesikia kitu kingine."

"Wewe huna sikio la asali. Hata ulimi wake huna."

"Tia kijiti, basi."

"Kijiti kinaudhi nyuki."

"Kule kivukoni hakikuwaudhi?"

"Shemeji, nimegonga mizinga miaka kumi na tisa. Nani alisema mwaka wa nzige kuwa asali ipo, watu wote wakakataa? Nani?"

"Wewe. Na mwaka uliofuata ulisema ipo, haikuwepo. Mimi ndiye niliyekwambia urudie, ukarudia."

"Huo siukumbuki."

Na kweli hakuukumbuka. Hakuwa anadanganya. Hapo, vijana, ndipo penye hadithi yote. Kasubi hakumdanganya mtu hata siku moja maishani mwake. Mzinga wa tano ulilia karibu na ko, akasema gogo la mzinga huo ni nene, sauti haipiti. Wa nane ulilia vibaya, akasema upepo. Ndege anayeonyesha asali alipita akilia, akasema, umeona? Siku nzima ndege huyo hakurudi tena, na hilo hakulisema. Kila kilichomwambia nenda kwa mwanao alikipokea kama mgeni, akakipa kiti. Kila kilichomwambia ngoja alikikuta na kosa.

Walipomaliza mizinga arobaini, Mhoja alikunja kamba yake taratibu.

"Shemeji, nikuulize. Kama Nyamizi angekuwa ameolewa hapa jirani, ungesema tayari?"

Kasubi akamtazama kwa hasira. "Unataka kusema nimekuwa mwongo uzeeni?"

"Sijasema mwongo. Nimeuliza."

"Hiyo ni dharau. Ungekuwa si kaka wa Kalunde ningekupiga na fimbo hii."

Jioni ile alisimama katikati ya kijiji akasema, "Kesho ni tayari." Watu walipiga vigelegele. Mhoja alisema wazi mbele ya watu kwamba yeye ana shaka, lakini nani angebishana na sikio la Kasubi kwa kumsikiliza mtu ambaye hata sega halitafuni? Tena kila mmoja alikuwa na lake. Mama Kabula chumvi ilikuwa imemwishia tangu masika. Msonde alitaka kuoa. Wote walitaka kusikia tayari, wakaisikia.

Kesho yake jua likaanza kushuka, wakapanda miti arobaini kwa pamoja, kila mtu na kienge chake cha moshi, wakafungua mizinga. Mzinga wa kivukoni ulitoa asali. Mingine yote ilikuwa na masega meupe yaliyojaa majana, na asali nyepesi kama mkojo wa ndama, inayochacha kabla hujafika nyumbani. Mtu wa kwanza kupiga kelele "Acheni!" alisikika, lakini alisikika na watu ambao tayari walikuwa wamekata. Ndiyo ubaya wa kupanda wote kwa pamoja.

Nyuki waliofukuzwa kwenye majana yao hawakai. Siku mbili baadaye makundi yaliruka juu ya Igombanilo kama moshi mweusi, yakaenda zao. Mizinga ikabaki inalia ko, na hilo hata mtoto alilisikia.

Msafara ulipita. Igombanilo haikutoa mzigo hata mmoja. Kasubi alisimama kando ya njia akiwaangalia wachukuzi wanavyopita mmoja mmoja na mizigo yao begani, na yule aliyemletea salamu mwaka uliotangulia akamwuliza, "Nimwambie nini?"



"Mwambie baba yake anamsalimu," akajibu Mhoja badala yake.

Mwaka ule walikula mboga za maji, zisizo na chumvi. Walichoma nyasi za mbugani wakachuja majivu yake, wakapata chumvi chungu inayokwaruza ulimi. Hakuna aliyempiga Kasubi wala kumtoza faini. Walimsalimia kama kawaida, na hilo lilimwuma zaidi. Mpaka siku moja Mama Kabula, alipomkuta kisimani, alisema lililokuwa tumboni mwa wote.

"Kasubi, sikulaumu kwa kumtaka mwanao. Nami nina wangu mbali. Lakini ulipanda miti yetu ukiwa umembeba mgongoni."

Kasubi alikwenda nyumbani akakaa juu ya mkeka ule wenye tundu. Alikaa sana. Akaikumbuka ile mizinga mmoja mmoja, na safari hii akausikia wa tano ulivyolia, na wa nane, na akaukumbuka hata ule mwaka aliosema haukumbuki.

Kiangazi kingine kilipokaribia, nyuki walikuwa wamerudi kiasi. Watu wakakutana. Kasubi akaja na fimbo ya mpingo, akaiweka miguuni pa Mhoja.

Watu wakacheka. "Huyo? Huyo akisikia ndu atatapika!"

"Ndiyo maana nampa," akasema Kasubi. Walinyamaza walipoona hacheki. "Sikio langu ni zima. Nikigonga mzinga wa mtu nisiyemjua, nitawaambia kweli mpaka tone la mwisho. Lakini mwaka jana nilikuwa nagonga mzinga, nasikia mwanangu ananiita. Na mwaka huu nitamsikia tena, zaidi. Sijapona. Mwenye hamu ya asali hatumwi kugonga mzinga. Mtumeni huyu. Yeye asali ikiwepo, haimhusu. Isipokuwepo, haimhusu."

Hivyo ndivyo maneno yalivyotoka kinywani. Lakini maneno ni rahisi. Sikilizeni yalivyomgharimu.

Mhoja akagonga, Kasubi akashika kamba chini ya mti. Salamu zilikuwa zimekuja tena: mtoto sasa anaongea, na anauliza babu ni mnyama gani, mbona hajamwona. Msafara ulibakiza siku nne. Mhoja akagonga mzinga wa kwanza wa Kasubi mwenyewe.

"Bado," akasema.

"Ndu," akasema Kasubi kule chini, bila kutaka.

"Bado, shemeji."

"Mhoja, nimeusikia. Nimeusikia kwa sikio langu hili. Umelia ndu. Naapa kwa kaburi la dada yako."

"Najua umesikia."

"Basi gonga tena!"

Mhoja akagonga tena. Akangoja. Akachukua kijiti, akakitia tunduni, akakishusha kwa kamba mpaka kikafika mkononi mwa Kasubi. Kilikuwa na majimaji meupe, na jana moja la nyuki limekwama kwenye ncha.

Kasubi alikiangalia kijiti. Sikioni bado mzinga ulikuwa unalia ndu. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa ameshajua, amesema mbele ya watu, amekula mboga za maji mwaka mzima, na bado sikio lilimpa kile anachokitaka.

"Twende mti mwingine," akasema.

Siku ya nne msafara ukapita. Ulikuwa mfupi, maana Igombanilo haikutoa mtu. Kasubi alisimama pale pale kando ya njia. Vumbi lao lilipotua, alibaki anatazama mahali lilipokuwa, na Mhoja akamwacha atazame.

Kila asubuhi alikwenda kwa shemeji yake. "Leo?" "Bado." "Leo?" "Bado, shemeji, umekula?" Siku ya kumi na moja Mhoja alimfuata yeye mwenyewe, amefunga pua kwa kitambaa, macho yanamtoka machozi kwa kichefuchefu.

"Tayari," akasema. "Mizinga yote. Inanuka mpaka nimekosa usingizi."

Walirina asali ambayo Igombanilo ilikuwa haijaiona miaka mingi, nzito, nyekundu kama chai ya rangi, masega yamezibwa yote. Wakaihifadhi kungoja msafara wa mwaka utakaofuata, maana asali iliyoiva haiozi. Kasubi akajaza lindo lake, akalifunga kwa ile kamba.

"Naenda," akasema.

"Peke yako?" Mhoja akauliza. "Wewe utamwona simba useme ni mbuzi wa mkweo. Twende wote."

Walitembea siku saba. Walilala juu ya miti, na ngurumo za simba walizisikia kwa mbali tu. Mara ya kwanza Kasubi alimwona Nyamizi siku ya tatu, kwenye shamba la mihogo, akakimbia na lindo kichwani. Hakuwa yeye. Siku ya tano alimwona mara mbili. Siku ya sita Mhoja alisema, "Huyo ana ndevu, shemeji," na wote wawili wakacheka mpaka wakakaa chini.

Siku ya saba, mchana, wakafika kisimani nje ya kijiji alichoolewa Nyamizi. Wanawake walikuwa wengi. Ng'ambo ya kisima alisimama msichana mmoja, mrefu, shingo ndefu, mtoto mgongoni, ameegemeza mkono kiunoni vile vile kama Kalunde alivyokuwa akisimama. Moyo wa Kasubi ukapiga ndu. Akainua mguu.

Akaushusha. Akatua lindo chini.

Karibu yake palikuwa na mwanamke aliyekuja na mzigo wa kuni kichwani, uso umefunikwa nusu na matawi, mikono ina makovu ya moto wa jikoni, na mtoto wa kike ameshika nguo yake. Kasubi alimtupia jicho mara moja tu, akarudisha macho kwa yule wa ng'ambo.

"Mwanangu, samahani," akasema. "Nimetoka mbali, na macho yangu mimi siyaamini tena. Yule msichana aliyesimama pale ng'ambo, yule mwenye mkono kiunoni. Ni nani yule?"

Mwanamke alimgeukia. Mzigo wa kuni ulianza kutikisika. Kisha ukaanguka wote, kuni zikatawanyika mpaka miguuni pa Kasubi.

"Yule ni wifi yangu," akasema. "Baba, mimi niko hapa."

Alikuwa amemtafuta msichana aliyeondoka zaidi ya miaka kumi nyuma, na msichana huyo hakuwepo tena popote. Kasubi akamtazama mwanamke huyu aliyekonda, mwenye mvi mbili juu ya paji la uso, akamtazama tena na tena, mpaka akaiona polepole ile pembe ya mdomo.  Mtoto alikuwa ameshajificha nyuma ya nguo ya mama yake.

"Mama, huyu ni mnyama gani?" akauliza.

Mhoja alikuwa tayari ameziba pua. "Fungua hilo kasha lako upesi, shemeji," akasema, "kabla sijatapika mbele ya wakwe."

Kasubi akapiga magoti kwenye kuni zile, akafungua kamba, akachovya kidole kimoja, akampaka mjukuu wake midomoni. Akamwita Kalunde. Mtoto akalamba. Akafikiri. Akalamba tena.

Nyamizi aliuliza kwa nini wamechelewa kuliko msafara, na baba yake akamwambia yote pale pale, bila kujificha, hata mizinga arobaini.

"Lakini wewe ndiye sikio la Igombanilo," akasema Nyamizi. "Kwa nini umpe mjomba fimbo?"

Kasubi alimwangalia yule wifi wa ng'ambo, bado amesimama na mkono kiunoni, na hata sasa, kwa mbali, machoni pake alikuwa Nyamizi kabisa.

"Kwa sababu mwenye hamu ya asali, mwanangu," akasema, "hatumwi kugonga mzinga."